Ufundi uwe ngazi, usiwe dari

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa na mkufunzi wa ufundi mbele ya wazazi, vijana na mafundi wa Mayoni, Kaunti Ndogo ya Matungu. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kakamega.

 

Nimeombwa niseme machache kuhusu hadhi ya kazi za ufundi. Najua wengine wenu mmefunga vibanda ili mfike hapa, na fundi akifunga kibanda hakuna anayemlipa siku hiyo. Kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitangazwa, kuna maneno fulani yanayosikika katika maboma yetu: "Huyu ameanguka, apelekwe politeknik." Wazazi wangu, maneno hayo yana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni hilo neno "ameanguka". Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa zaidi ya 960,000 waliketi. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa takriban 246,000. Huyo ni mmoja katika kila wanne. Kama watatu waliobaki wote wameanguka, basi sisi tumejenga nyumba ambayo watoto wengi hawawezi kuingia, halafu tunawalaumu watoto.

Kosa la pili ni "apelekwe". Mtoto anatajwa kama gunia la mahindi, na politeknik inatajwa kama ghala la kutupia vilivyoharibika. Sisi wakufunzi tunawapokea vijana wa namna hiyo. Kijana aliyeambiwa nyumbani kwamba ameanguka hushika randa kama mfungwa aliyepewa jembe. Muhula mzima unaweza kwisha kabla hajaamini kwamba mahali alipo ni shule.

Dharau hii ilitoka wapi?

Haikuwa desturi ya wahenga wetu kumdharau fundi. Ndugu zetu Wasamia walifua chuma kutoka kwenye vilima vyao wakatengeneza majembe yaliyouzwa mbali, na majembe hayo yalipokelewa hata kama mahari. Mtu hapeleki kitu cha aibu kwa wakwe. Hapa kwetu Kakamega, wafinyanzi wa Ilesi wanajulikana hadi leo kwa vyungu vyao, na aliyepata kununua chungu cha Ilesi anajua kwamba udongo ule haukujikanda wenyewe.

Dharau ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu. Mwaka 1902 wamishonari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi. Misheni yao waliiita ya "viwanda", na pamoja na Injili walileta mashine ya kupasulia mbao, wakafundisha useremala na uashi. Ujuzi huo ulikuwa mwema. Lakini katika utawala wa kikoloni, Mwafrika alifundishwa kazi za mikono ili abaki hapo hapo. Kalamu ilikuwa ya mtu mwingine. Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno waligoma wakipinga kufanyishwa kazi za mikono, wakadai wafundishwe zaidi masomo ya darasani. Vijana wale hawakuwa wavivu. Waliona kwamba juu ya nyundo na msumeno wamewekewa dari, na hakuna anayependa kuishi akigonga kichwa kwenye dari.

Uhuru ulipokuja, tuliendelea kukimbilia kalamu. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari wataenda wapi. Katika juhudi hizo ndipo zilipozaliwa politeknik za vijiji. Lilikuwa wazo zuri, na vijana wengi wa vijijini walipata riziki kwa njia hiyo. Ila tangu siku ya kwanza zilitambulika kama mahali pa waliokosa nafasi kwingine, na sifa hiyo imetufuata mpaka leo.

Angalieni pia historia ya mji wetu wa Kakamega. Katika miaka ya 1970 wananchi wa Magharibi walichanga kwa harambee wakajenga chuo cha WECO, chuo cha sanaa na sayansi za matumizi. Mama aliuza kuku ili kijana wa jirani ajifunze kazi. Mwaka 2007 mahali hapo pakawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Tunajivunia chuo kikuu hicho, na watoto wetu wanasoma pale. Lakini sikilizeni lugha tunayotumia: tunasema chuo "kilipandishwa hadhi". Maana yake ni kwamba akilini mwetu ufundi uko orofa ya chini, na heshima iko juu.

Basi wazee waliokataa ufundi wa wakati ule hawakukosea. Walikataa dari. Swali la leo ni hili: je, dari bado ipo?

Ngazi iliyopo sasa

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka politeknik za vijiji mikononi mwa kaunti. Mwaka 2013 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, iliyounda mamlaka ya TVETA ya kusajili na kukagua vyuo hivi. Sheria hiyo pia iliunda baraza la kutayarisha mitaala na mitihani inayopima kile mtu anachoweza kufanya kwa mikono yake, pamoja na kile anachoweza kuandika.

Chini ya mpango huo mafunzo yana ngazi. Kijana anaweza kuanza ngazi ya 3 au ya 4 katika chuo cha kaunti, akapanda ngazi ya 5 ambayo ni cheti cha ufundi, kisha ngazi ya 6 ambayo ni diploma. Anayetaka kuendelea anaweza kwenda Sigalagala, ambayo sasa ni politeknik ya kitaifa na iko humu humu kaunti yetu. Kutoka diploma, mlango wa chuo kikuu uko wazi kwake. Kijana wa alama ya D aliyeanza kwa kuchanganya saruji anaweza kufika kwenye digrii ya uhandisi. Njia ni ndefu, lakini ipo, na kila ngazi anayofikia inamlipa akiwa njiani.

Wenzetu wa mbali wamefanya hivyo zamani. Nchini Ujerumani, fundi aliyefikia daraja linaloitwa Meister amewekwa ngazi ya 6 katika mfumo wa kitaifa wa sifa, ngazi ile ile ya mwenye shahada ya kwanza. Hawakumheshimu fundi kwa kumpigia makofi. Walimjengea ngazi, wakaandika kwenye karatasi ya serikali kwamba ngazi hiyo inafika juu.

Sasa nizungumze na nyinyi mafundi mliojifunzia kazini, ambao hamkupita darasa lolote. Nyinyi ndio wengi hapa Mayoni. Mwashi amejenga nyumba kwa miaka ishirini, lakini kazi ya serikali ikitangazwa anaulizwa cheti, hana. Anaishia kuajiriwa kama kibarua na kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika mwiko. Kwake kuna njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa serikali wa ufundi unaosimamiwa na NITA, wenye Gredi ya III, ya II na ya I, na Gredi ya I ndiyo ya juu kabisa. Hulazimiki kukaa darasani miaka miwili. Unapimwa kazi unayoijua. Ya pili ni utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na mamlaka ya KNQA pamoja na vyuo vilivyokubaliwa. Wapima ujuzi wanaangalia kazi yako, wanakuuliza maswali, kisha unapewa cheti cha kiwango chako halisi. Karatasi hiyo haikufanyi fundi, kwa sababu wewe ni fundi tayari. Inamfanya mtu asiyekujua akuamini.

Ufundi ni elimu

Wapo wanaodhani kazi ya mikono haitaki akili. Nendeni mtazame mwashi wa hapa sokoni akipanga msingi wa nyumba. Anafunga kamba, anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anavuta kipimo kutoka ncha hadi ncha. Ikija futi 5 kamili, kona imekaa sawa. Ikizidi au ikipungua, anasogeza kamba. Mwanafunzi wa sekondari anaijua hesabu hiyo kwa jina la Pythagoras na anaiandika kwenye karatasi apate alama. Mwashi anaiandika ardhini, na watu wanalala ndani yake.

Au mfikirie fundi wa umeme. Sisi watu wa Kakamega tunaijua radi. Hakuna haja ya kuhadithiana. Shule ikiwekewa kinga ya radi, waya ule lazima ushuke hadi ardhini, ufungwe vizuri kwenye chuma kilichozamishwa kwa kina cha kutosha, na upimwe. Fundi asiyejua anaweza kuacha waya unaning'inia nyuma ya ukuta. Kwa macho huoni tofauti. Tofauti inaonekana siku ya mvua, na watoto wakiwa darasani. Ndiyo maana sheria inataka fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA. Mzazi anayesema ufundi ni wa wasio na akili, na awaze ni akili ya nani inayolinda mtoto wake mawingu yakikusanyika saa tisa alasiri.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nyumba hizi, mabomba haya, geti lile, sare za watoto wetu, vyote vina mtu nyuma yake.

Tulichojifunza kutokana na kiwanda

Hapa Mayoni tuliishi kwa miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na kiwanda kikaanza kutengeneza sukari mwaka 1973. Kwa muda mrefu ndoto ya mzazi wa eneo hili ilikuwa mtoto apate kazi "kampuni". Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Sihitaji kuwasimulia miaka ile. Mliiona kwenye meza zenu na kwenye karo za watoto.

Nataka tu tukumbuke jambo moja. Kampuni iliposimama, kila mtu aliondoka na kile alichokuwa nacho. Aliyekuwa na cheo aliacha cheo langoni, kwa sababu cheo ni mali ya ofisi. Aliyejua kuchomelea, kuchonga vyuma kwa mashine, kutunza mota au kuendesha boila aliondoka na ujuzi wake mikononi. Ujuzi wa namna hiyo unafaa kiwanda kingine cha sukari, kinu cha kusagia mahindi, hospitali yenye jenereta, hata kibanda cha mtu mwenyewe kando ya barabara. Sisemi kwamba hawakuteseka. Nasema ujuzi hauwezi kupigwa mnada.

Tufanye nini?

Heshima haiji kwa hotuba, hata hii yangu. Inakuja kwa yale tunayotendeana kila siku. Nina maneno kwa kila upande.

Wazazi: msimpeleke mtoto kwenye ufundi kama adhabu. Kaeni naye, mwulize anapenda nini, kisha mtembelee chuo pamoja kabla ya kulipa karo. Sasa hivi wanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, wana somo la utangulizi wa ufundi. Mtoto akirudi nyumbani na kiti kidogo alichokitengeneza, usikitupe nje ya nyumba. Kalia.

Mkifika chuoni, ulizeni maswali manne. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA? Mtihani wa mwisho unatolewa na nani, na cheti chake kinatambulika wapi? Karakana ina vifaa vingapi, na wanafunzi wangapi wanavitumia? Mwanafunzi atapelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini, na kwa muda gani? Chuo kizuri hakitakasirika mkiuliza. Chuo kinachokasirika, ondokeni.

Na msiwagawe watoto kwa jinsia. Binti anayetaka kujifunza umeme au uchomeleaji asiambiwe aende ushonaji. Kijana wa kiume anayetaka ushonaji au upishi asichekwe. Waya wa umeme hauulizi kama aliyeushika ni mwanamume au mwanamke. Unauliza kama anajua.

Wateja, yaani sisi sote: tumlipe fundi. Tuna tabia ya kupatana bei, kazi ikiisha tunaanza kupatana upya. Tukienda hospitali hatumwambii daktari apunguze baada ya kutibiwa. Tuandikiane hata kwenye ukurasa wa daftari: kazi gani, vifaa vya nani, bei gani, malipo ya kwanza kiasi gani, na itakwisha lini. Kila mmoja atie sahihi abaki na nakala. Karatasi hiyo inamlinda mwenye nyumba na inamlinda fundi.

Mafundi wenzangu, nasi tusijisahau. Nani asiyejua ile "njoo kesho" yetu? Sikukuu inapita na nguo haijashonwa. Tunapokea malipo ya kwanza ya watu watatu, halafu simu tunazima. Tunaambiwa mifuko kumi ya saruji inatosha, tunaagiza kumi na miwili, miwili inapotea njiani. Mtu mmoja akifanya hivyo, mafundi wote wa Mayoni wanaitwa wezi, na mwenye pesa anakwenda kumtafuta fundi Kisumu. Fika siku uliyosema. Ukichelewa, piga simu kabla mteja hajakutafuta. Rudisha vilivyobaki. Mchukue kijana mmoja umfundishe kwa utaratibu, asiwe wa kubeba maji tu.

Upande wa kaunti pia una wajibu wake, na kwa kuwa jarida hili ni la kaunti, ni haki tuuseme humu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018 kulikuwa na ruzuku ya Serikali ya Kitaifa iliyopitia kaunti kwa ajili ya vyuo vya ufundi, iliyokadiriwa kwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ilisaidia wengi kubaki darasani. Lakini karo ni sehemu moja tu. Darasa la ushonaji lenye wanafunzi thelathini na cherehani mbili halifundishi ushonaji. Linafundisha kungoja zamu. Vifaa, wakufunzi wa kutosha na vitu vya mazoezi ndivyo vinavyofanya chuo kiwe chuo.

Kuna pia jambo lisilohitaji pesa mpya. Katiba imeweka shule za chekechea na politeknik za vijiji katika kipengele kimoja, zote chini ya kaunti. Anayehitaji viti vidogo vya watoto na anayejifunza kuvitengeneza wako chini ya paa moja. Meza, viti, madirisha na sare za chekechea zikitengenezwa katika vyuo vyetu, mwanafunzi anapata mazoezi ya kazi halisi, chuo kinapata mapato, na shilingi inabaki Matungu. Kazi ikikamilika ilipwe kwa wakati. Fundi mdogo hana akiba ya kungojea malipo mwaka mzima. Akicheleweshewa, anauza mashine yake ya kuchomelea ili wanawe wale, na hapo kaunti imempoteza fundi.

Vijana, nimalizie kwenu. Msiingie ufundi kwa sababu mmekosa pengine, na msiukatae kwa sababu ya jina. Ingieni kwa sababu mnaitaka kazi hiyo, kisha mpande. Ukimaliza ngazi ya 4, uliza ya 5 iko wapi. Ukipata Gredi ya III, jiandae kwa ya II. Jifunzeni kusoma ramani ya nyumba, kukadiria gharama, kuandika risiti, kutunza daftari la mapato. Mikono itakupa kazi ya leo. Daftari litakupa ya mwakani.

Wazee wa 1908 waligoma kwa sababu waliwekewa dari. Leo ngazi imesimama, ingawa baadhi ya vipandio vyake bado vinahitaji kukazwa misumari. Kazi hiyo ni yetu sote, na bahati nzuri misumari na nyundo tunavyo, na wanaojua kuvitumia wako hapa mbele yangu.

Mbaki salama. Mulembe.